Kabla Hujashika Bisibisi: Kelele za Redio na Zinakotoka

Redio ikianza kuunguruma, wengi wetu tunaipiga kibao, tunazungusha antena, kisha tunampelekea fundi. Fundi anaifungua, anaikuta nzima, anapuliza vumbi na kutoza chake. Ukirudi nayo nyumbani inaunguruma vilevile. Kwa fundi ilitulia kwa sababu kwa fundi hakukuwa na chaja zako, taa zako wala inveta yako. Vifaa vyote hivyo vinatoa mawimbi ya redio bila kukusudia, nayo redio, ambayo kazi yake ni kusikia mawimbi, inayasikia.

Nimepanga mambo kwa dalili. Ruka hadi kwenye dalili yako, ila kipimo cha kwanza ni kimoja kwa wote: weka betri kwenye redio, itegee mahali penye kelele, kisha mwambie mtu azime swichi kuu ya nyumba. Kelele ikikata papo hapo, mkorofi yumo ndani ya nyumba. Ikibaki, yuko kwa jirani, kwenye nguzo, angani, au kwenye redio yenyewe. Waage kwanza wanaotazama mpira, na friji ukishaizima iache dakika tano kabla ya kuiwasha tena, kompresa yake haipendi kustuliwa.

Mngurumo mzito usiokatika, hasa kwenye AM

Umeme wetu wa ukutani unacheza mara 50 kwa sekunde. Ukigeuzwa kuwa DC ndani ya chaja, kila nusu ya wimbi inahesabika, kwa hiyo mngurumo unaousikia ni wa Hz 100, mzito na wa kukera, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Ukiusikia huo, mshukiwa ni kitu kilichochomekwa ukutani.

Chaja za zamani zilikuwa na transfoma ya chuma, nzito, inapata joto, lakini kimya kabisa kwa redio. Chaja ya leo ni nyepesi kwa sababu inaukata umeme kwa kasi kubwa, mara makumi ya maelfu hadi mamia ya maelfu kwa sekunde. Tuseme inakata kwa 65 kHz. Mawimbi yake hayakai hapo tu. Yanajitokeza kwenye 130, 195, 260 na kuendelea kupanda, mpaka yanaingia kwenye masafa ya kati, yaani AM, yanayoanzia karibu 530 kHz hadi 1600, na mengine yanafika masafa mafupi. Unapozungusha kitufe cha kutafuta stesheni ukakuta kelele inakuja na kuondoka kwa nafasi zinazolingana, hiyo ni sahihi ya chaja.

Chaja nzuri ina koili na kapasita pale umeme unapoingilia, kazi yake ni kuzuia mawimbi hayo yasirudi kwenye nyaya za nyumba. Chukua chaja ya bei chee iliyokufa, iwe ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya Luthuli, Nairobi, uifungue. Kwenye bodi utakuta michoro ya vipuri imechapwa, duara la kapasita hili hapa, nafasi ya koili ile pale, lakini matundu ni matupu, na mahali pa koili pameungwa kipande cha waya. Aliyebuni bodi alijua kinachotakiwa. Aliyeiunganisha alibana matumizi. (Iwe imechomolewa muda mrefu kabla ya kuigusa. Kapasita kubwa ya ndani hubeba hadi volti 325, na inazikumbuka.)

Kumpata mkorofi hakuhitaji kipimo cha gharama. Redio ndogo ya AM inatosha. Itegee mahali pasipo na stesheni, upande wa chini wa bendi, punguza sauti, kisha tembea nayo ukiisogeza karibu na kila soketi, kila taa, kila adapta. Kelele itapanda ghafla ukikaribia. Kisha igeuze taratibu: ndani ya redio ya AM kuna kijiti cha ferraiti kilichozungushiwa waya, na ncha yake inapoelekea kwenye chanzo, kelele hufifia sana. Kwa njia hiyo unapata mwelekeo hata kama chanzo kiko nyuma ya ukuta. Antena ya kuvuta haina kazi hapa, ni ya FM na masafa mafupi.

Mimi huanza na taa za LED za bei rahisi, kisha chaja za simu, kisha adapta ya king'amuzi na ya ruta ya intaneti, ambazo watu husahau kwa kuwa haziguswi mwaka mzima. Televisheni na chaja ya kompyuta mpakato hufuata. Tanzua moja moja: zima, sikiliza, washa, sikiliza. Usizime viwili kwa pamoja, utajichanganya.

Dawa ya kweli ni kumtoa mkorofi na kununua kingine. Dawa ya pili ni umbali, na umbali unasaidia kuliko watu wanavyodhani. Redio iliyo juu ya ruta, ukiihamishia dirishani mita tatu tu, inaweza kuwa redio nyingine. Dawa ya tatu ni pete ya ferraiti, lile donge jeusi unaloliona kwenye nyaya za skrini za zamani. Tatizo ni kwamba watu wanalibana mara moja kwenye waya na kusema halifanyi kazi. Waya unaopita mara moja haupati kizuizi cha maana kwenye masafa ya kati na mafupi. Uzungushe. Kizuizi kinakua kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo mizunguko mitano ni kama mara 25 ya mmoja. Ukiweza kuchagua, tafuta ferraiti ya aina ya 31, inafaa kuanzia karibu 1 MHz kwenda juu.

Na kama redio yenyewe inatumia adapta, usianze kumtafuta mchawi mbali. Irudishe kwenye betri kwanza.

Ti-ti-ti, ti-ti-ti, halafu simu inaita

Hii kila mtu anaijua. Simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hairushi mfululizo, inarusha kwa vipande, kama mara 217 kwa sekunde, na saketi ya spika inavigeuza vipande hivyo kuwa sauti. Isogeze simu mita moja kutoka kwenye redio. Imeisha.

Kelele inayokuja na jua na kuondoka nalo

Redio safi usiku, chafu kuanzia saa mbili asubuhi, wingu likipita inapungua. Hiyo ni sola, yako au ya jirani. Paneli yenyewe ni kimya. Anayepiga kelele ni kontrola ya kuchaji, na nyaya ndefu zinazopanda juu ya bati zinakuwa antena yake ya kurushia. Kontrola za MPPT huwa na kelele zaidi kwa kuwa zinakata umeme kwa kasi kama chaja, lakini zile rahisi za PWM nazo hazina dhamana.

Kipimo: panda au umpandishe kijana, paneli ifunikwe kwa kanga mbili au turubai. Kelele ikifa, umempata.

Nyaya chanya na hasi zinapopita mbalimbali, moja huku na nyingine kule, zinakuwa duara kubwa la kurushia. Zipitishe pamoja, na ikiwezekana zisokote. Zungusha nyaya kwenye ferraiti karibu na kontrola, upande wa paneli na upande wa betri. Usichajie redio kwenye tundu la USB la kontrola huku ukisikiliza, kwa sababu tundu hilo nalo lina kikata umeme chake. Inveta za bei nafuu zisizotoa wimbi safi ni janga jingine, na hizo hazijali jua. Ukiwa na inveta ya namna hiyo na unapenda masafa mafupi, sikiliza wakati imezimwa.

Kupasukapasuka: kra, kra-kra

Hapa uliza hali ya hewa ikoje.

Kama kupasuka kunazidi kiangazi na upepo, na mvua ikinyesha kunatulia, shuku nguzo ya umeme: kiungo kilicholegea au chuma kinachogusana na chuma, cheche ndogo inaruka. Pwani kuna sura nyingine. Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi na vumbi vinajikusanya juu ya vikombe vya nguzo, unyevu wa usiku ukishuka umeme unaanza kutambaa juu ya uchafu huo. Hiyo inakuwa mbaya alfajiri na kwenye ukungu, na inapona mvua kubwa ikivisafisha. Tembea na redio yako ndogo barabarani mpaka upate nguzo yenye kelele kuliko zote, soma namba iliyopigwa juu yake, uripoti kwa wenye laini. Usiigonge nguzo wala kuitikisa ili kuona kama kelele inabadilika. Nimeona watu wakifanya hivyo, na kinachoweza kuwaangukia ni waya wenye moto.

Kama kupasuka kunasikika AM na masafa mafupi lakini FM ni safi, na kunakuja kwa vishindo visivyo na mpangilio, hiyo ni radi. Haihitaji kuwa karibu. Bonde la Kongo ni moja ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na Ziwa Victoria huwa na mvua za radi za usiku, kwa hiyo mtu wa Mwanza, Kisumu au Entebbe anaweza kuzisikia radi kwenye redio huku nyota zinawaka juu yake. Hakuna cha kutengeneza. Hamia masafa ya juu zaidi, ambako radi husikika kidogo, na kama radi iko karibu nawe, chomoa antena ya nje mapema.

Stesheni ya masafa mafupi imetoweka

Kizazi cha wazazi wetu kilikua na BBC kwa Kiswahili tangu 1957 na Deutsche Welle tangu 1963, namba ziko kichwani, mkono unajua pa kusimama. Redio ya Zanzibar wasikilizaji wa dunia nzima waliizoea kwenye 11735 na 6015 kHz. Leo mtu anarudi palepale, anakuta upepo, anasema redio imekufa. Pima kwa kutafuta stesheni yoyote ile. Kama unapata hata Kichina au Kiarabu kwa nguvu, redio ni nzima.

Vituo vingi vimeacha masafa mafupi na kuhamia FM za washirika na intaneti. Vilivyobaki vinahama. Ratiba za masafa mafupi hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kituo kilichokuwa hapa wiki jana kinaweza kuwa mita nyingine kabisa Jumatatu.

Kuna na mtego wa saa. Ratiba huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tunaongeza 3, kisha kichwani tunageuza kuwa saa zetu, na katikati ya hesabu mbili mtu anakosea. Njia ya mkato: toa 3 kwenye saa ya UTC, ikizidi 12 toa 12. Saa 18 UTC: 18 toa 3 ni 15, toa 12 ni 3, yaani saa tatu usiku. Saa 16 UTC ni saa moja jioni. Ukibakiwa na sifuri, kama kwenye saa 3 UTC, ni saa kumi na mbili. Aliyeko Kigali, Bujumbura au Lubumbashi yuko UTC na 2, wa Maskati UTC na 4, wao wapige hesabu yao.

Halafu kuna jua. Mchana tabaka la chini la ionosfea hunyonya masafa ya chini, ndiyo maana masafa ya kati mchana hayaendi mbali, usiku yanavuka nchi. Kwenye masafa mafupi kanuni ya kukaa nayo ni hii: mchana tafuta mita 16, 19 na 25, usiku shuka mita 31 na 49. Na ikitokea mchana bendi zote za masafa mafupi zimekufa kwa mpigo, FM ikiendelea kama kawaida, huenda jua limelipuka. Mlipuko wa jua huzima masafa mafupi upande wa dunia ulio mchana kwa dakika kadhaa hadi saa chache. Mashirika ya Marekani ya anga na ya hali ya hewa, NASA na NOAA, yalitangaza Oktoba 2024 kwamba jua limefika kipindi chake cha kilele, kwa hiyo hadithi hii haijaisha. Kunywa chai, rudi baadaye.

Dalili ndogo inayofanana: redio ya dijitali inaruka juu ya stesheni za AM unazojua zipo, au inazishika kwa mikwaruzo. Angalia hatua yake. Afrika masafa ya kati yamepangwa kila 9 kHz, Marekani kila 10. Redio iliyotoka kwa shemeji wa Chicago inahesabu kwa 10. Nyingi zina namna ya kubadilisha, mara nyingi kwa kubonyeza kitufe kimoja kwa muda redio ikiwa imezimwa.

Redio ndogo ya memori kadi inajizima ukiongeza sauti

Hizi zipo kila kona, na nyingi hutumia betri bapa ya BL-5C, ile ya simu za Nokia za zamani. Ukipandisha sauti, wimbo ukapiga besi, redio inazima na kuwaka upya. Betri imezeeka: volti zinaonekana 3.7 ukipima bila mzigo, lakini spika ikidai umeme mwingi kwa ghafla zinaanguka. Badilisha betri, na ikiwa imevimba usiichaji tena hata mara moja.

Kitufe cha sauti kinachokwaruza kina uchafu ndani. Spreyi kidogo ya kusafishia swichi, kizungushe huku na huku mara nyingi. Redio inayowaka ukiibana mahali fulani tu ina kutu kwenye chemchemi za betri. Betri za alkali zikivuja huacha unga mweupe, unatoka kwa siki kidogo kwenye pamba, kisha spiriti, kisha kausha. Na FM inayoboreka ukiishika antena kwa vidole, ikaharibika ukiiachia, angalia skrubu ya shina la antena. Mara nyingi waya mwembamba wa ndani umeachana na ile skrubu. Hiyo ndiyo kazi halali ya bisibisi na risasi ya kuchomelea.

FM ya simu haifunguki

Inataka spika za masikioni za waya, kwa kuwa waya ndiyo antena. Za Bluetooth hazisaidii. Simu isiyo na tundu la mviringo mara nyingi haina FM kabisa, na adapta ya USB-C kwa kawaida haiirudishi.

Gari lililotoka Japani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya magari barabarani kwetu yana ugonjwa huu na majibu yanayotolewa gereji ni ya kubahatisha.

Japani FM ilianzia 76 MHz na kuishia 90, baadaye wakaongeza hadi 95. Kwetu FM ni 87.5 hadi 108. Redio ya gari lililotoka Yokohama kwa hiyo inashika kipande kidogo tu cha chini cha bendi yetu. Dalili ni stesheni mbili tatu na kimya kirefu. Mafundi wanaweka kiboksi kidogo kati ya antena na redio, wanakiita ekspanda. Kinachofanya ni kuyashusha masafa kwa kiasi maalumu kilichoandikwa juu yake. Ekspanda ya 18 MHz inaifanya stesheni ya 100.0 ionekane 82.0. Stesheni ya 97.4 utaikuta 79.4.

Sasa fuatilia hesabu. Redio inayoishia 90 ukiiwekea ekspanda ya 18, unashika kuanzia 94 hadi 108. Stesheni za kati ya 90 na 94 hazimo popote. Ukiiwekea ya 14, unashika 90 hadi 104, unakosa za juu. Ndiyo maana jirani yako na gari la aina ileile anapata stesheni ambayo wewe huipati. Ameuziwa kiboksi cha namba nyingine. Kabla ya kununua, andika stesheni unazozipenda, toa namba ya kiboksi, uone kama zote zinaangukia kati ya 76 na 90. Dakika moja ya hesabu, na hakuna gereji itakayokufanyia.

Dalili ya stesheni mbili kuongea kwa pamoja nayo inatoka hapa. Kiboksi duni huruhusu masafa ya awali yapenye. Stesheni yenye nguvu ya 88.5 inapita moja kwa moja, na ile ya 106.5 iliyoshushwa kwa 18 inatua palepale 88.5. Mnara ukiwa karibu ndiyo kabisa.

Wengi wamechoka na hayo, wameweka redio ya skrini ya Android. Ikija na dalili mpya, angalia mambo mawili. La kwanza, inapiga vizuri mjini lakini ukitoka kilomita chache stesheni zinazama. Magari mengi ya Japani yana antena iliyochorwa kwenye kioo, na antena hiyo ina kikuzaji kinachohitaji volti 12. Redio ya zamani ilikuwa inakilisha. Kwenye redio mpya, waya wa bluu wa antena umeachwa unaning'inia, au umefungwa utepe na kusahauliwa. Uungwe. La pili, redio inaruka: unataka 100.4, inakupa 100.3 kisha 100.5. Mpangilio wa eneo umewekwa Marekani, ambako FM inakwenda kwa hatua za 0.2. Ingia kwenye mipangilio ya redio, weka Ulaya.

Mluzi unaopanda mguu ukikanyaga mafuta ni wa alteneta. Shusha sauti hadi sifuri. Mluzi ukibaki, unaingia baada ya redio, kwenye kikuzaji au kwenye ethi mbovu, na antena haihusiki. Ukikata, kagua njia ya antena na umeme wa redio. Kelele isiyofuata injini ni ya chaja ya kwenye tundu la sigara au kamera ya kioo cha mbele. Chomoa, sikiliza, umemaliza.

Kijiti cha RTL-SDR na kompyuta isiyokiona

Kwa wasiokijua: ni kijiti cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ila kinaweza kuwa SDR, yaani redio ambayo kazi yake kubwa inafanywa na programu ya kompyuta. Chipu yake RTL2832U inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi kwa kompyuta, na tangu 2012 wapenzi wa redio wanakitumia kusikiliza karibu kila kitu kati ya 24 na 1766 MHz. Kwa televisheni kwetu hakifai tena: chipu inajua mfumo wa zamani wa televisheni ya dijitali, DVB-T, na Afrika Mashariki tuko DVB-T2. Ukikosa chaneli si kosa la antena.

Kwenye Windows, programu ikisema haioni kifaa, ni draiva. Windows imeweka draiva yake ya televisheni. Fungua Zadig, programu ya kubadilishia draiva, washa orodha ya vifaa vyote, chagua ile ya Interface 0, weka WinUSB. Soma mara mbili jina ulilochagua, kwa sababu ukiweka WinUSB kwenye mausi, mausi imekufa mpaka urudishe draiva yake. Ukihamishia kijiti kwenye tundu jingine, Windows inaweza kukudai upya.

Kwenye Linux namba zinaongea. `usb_claim_interface error -6` maana yake kuna mwingine amekishika. Mara nyingi ni moduli ya kiini cha Linux (kernel) iitwayo dvb_usb_rtl28xxu, iweke kwenye orodha ya zilizozuiwa, au ni programu nyingine ya SDR uliyoiacha wazi. `usb_open error -3` ni ruhusa, unahitaji kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayogawa ruhusa za vifaa. Usiizoee tabia ya kuendesha kila kitu kwa sudo ili mambo yapite.

Stesheni moja ya FM ikionekana mahali kumi, kijiti kimezidiwa. Kina biti 8 tu, mnara wa jirani unakijaza. Shusha geini, yaani kiasi cha kukuza mawimbi, usiiache kwenye kiwango cha juu cha 49.6 kwa kuwa tu ni cha juu. Panda taratibu mpaka kelele ya chini inapoanza kuinuka, rudi hatua moja. Ukiishi karibu na minara, nunua kichujio kinachozuia 88 hadi 108.

Mstari mwembamba usiosogea kwenye 144.0 au 432.0 si kituo. Saa ya ndani ya kijiti ni 28.8 MHz, na hiyo mara 5 ni 144, mara 15 ni 432. Kila kitu kikiwa kimehama pembeni kidogo, rekebisha ppm, yaani kosa la saa hiyo kwa kila milioni: kosa la 50 ppm ni kHz 5 kwenye 100 MHz, lakini kwenye 1090 MHz, ambako ndege hutangaza zilipo, ni zaidi ya kHz 54. Fanya hivyo kijiti kikiwa kimeshapata moto. Sauti inayokatikakatika ni kompyuta kupoteza sampuli: kwa 2.4 milioni kwa sekunde kinatuma karibu megabaiti 4.8 kila sekunde, na kitovu cha USB cha bei rahisi hakiwezi. Chomeka moja kwa moja, au shusha kiwango. Kisogeze pia mbali na kompyuta kwa waya wa nyongeza wenye ngao, mpakato ni kiota cha kelele. USB 3 inajulikana kwa kuchafua hadi 2.4 GHz, Intel waliandika juu yake 2012. Hata mausi isiyo na waya inayokwama unapochomeka diski ya nje inaumwa ugonjwa huohuo, ihamishie kipokezi chake upande wa pili.

Antena iliyokuja na kijiti ivute kulingana na unachotafuta. Robo ya wimbi ni sentimita 75 kwa FM ya 100 MHz, kama 51 kwa 145.8 MHz, na karibu 7 kwa ndege. Watu wanaivuta yote wakidhani ndefu ni bora, kisha wanalalamika hawaoni ndege.

Kusikiliza ni jambo moja. Kurusha kunataka leseni, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, na kijiti hiki kwa bahati hakirushi.

Mwisho ni dalili inayowasumbua waliofuata mafunzo ya zamani ya kupokea picha za mawingu. Umetengeneza antena ya V, umepanga saa ya kupita kwa setilaiti, uko 137.62 au 137.1, na hakuna ule mdundo wa tik-tok unaojulikana. Usibadilishe waya. Setilaiti za Marekani NOAA 15, 18 na 19 zilistaafishwa mwaka 2025, zote tatu. Zilizobaki kwenye bendi hiyo ni za Urusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, karibu na 137.9 na 137.1. Hizo zinatuma kwa dijitali, kwa hiyo programu ya zamani ya kusoma sauti haitazielewa. Weka programu ya SatDump, chagua Meteor LRPT, ambao ndio mfumo wao wa kutuma picha, na utumie antena ileile.